Sanduku la Makoti: Kutoka Muheza hadi Tukuyu

Ijumaa usiku, Muheza

Dereva wa Fuso alilisema mara moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Fundi, nguo za baridi ziache juu." Nikamjibu kuwa nimeanza kufunga mizigo yeye hajashika usukani. Uongo mtupu. Kanizidi miaka kumi, na tangu ujana wake anashusha viazi Tanga kutoka Makambako na kurudi na chochote atakachopata. Safari hii chochote chenyewe ni sisi. Lori linalorudi tupu hubeba kwa bei ya huruma, na ndiyo maana mwalimu na seremala wameweza kukodi Fuso zima.

Mke wangu Rehema anafundisha Historia sekondari. Amepata uhamisho kwenda Tukuyu, nasi tunahama likizo hii ya Juni ili watoto waanze muhula huko huko. Kijiweni kwetu habari ilipokelewa kwa namna yake. "Kwa hiyo fundi umeolewa," alisema mmoja, wakacheka mpaka bao likavurugika. Nikacheka nao. Useremala hauna ofisi. Benchi, randa, msumeno na patasi vinakwenda popote. Lakini lile neno nimelala nalo siku tatu.

Mama yangu anafuatana nasi. Mzaliwa wa Pangani, miaka 71, na katika miaka yote hiyo hajawahi kulala mahali pasipo na mnazi. Alipoambiwa Tukuyu kuna baridi alisema baridi anaijua, aliwahi kwenda Lushoto kwenye harusi.

Mzigo nimeupanga mwenyewe, kama ninavyounga mbao: kizito chini, chepesi juu, pasibaki pengo. Kizito kuliko vyote ni sanduku la mninga la marehemu babu. Ndani yake Rehema ametia mkusanyiko wake wa miezi mitatu kwenye mitumba ya Tanga mjini: makoti, masweta, soksi za sufu, mablanketi manne. Likaingia la kwanza, likasukumwa mpaka ukuta wa mbele. Juu yake kabati, juu ya kabati benchi langu, kisha vitanda, friji, feni mbili, vyombo, magunia mawili ya machungwa. Cha mwisho kabisa mama alikiweka kwa mkono wake, akakifunga kamba kwenye bodi ya nyuma: mbuzi yake ya kukunia nazi.

Dereva aliziangalia zile feni. Hakusema kitu.

Jumamosi: Muheza hadi Morogoro

Siku hii haina mengi. Segera, mkonge, Chalinze, joto. Sisi tuko kwenye Noah yetu ya zamani, Fuso iko nyuma na dereva na utingo wake. Kilomita kama 300 tumezimaliza kabla ya magharibi. Idi, miaka 7, aliuliza mara kumi na nne kama tumefika. Salma, miaka 11, ndiye aliyehesabu.

Morogoro mama aliitazama milima ya Uluguru akasema, "Milima nimeshaiona sasa." Tukamwambia hii bado.

Jumapili: Morogoro hadi Iringa

Tulitoka alfajiri. Barabara inaipasua Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na vibao vinakukumbusha kuwa ukimgonga mnyama utamlipia faini. Tuliona twiga, swala wengi, na tembo watatu waliosimama karibu na lami kama abiria wanaosubiri basi. Idi alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu Muheza. Mama yeye aliuliza kama hawa tembo wana mwenyewe.

Baada ya mji wa Mikumi barabara inaufuata mto, na kabla hujatambua umeshaingia kwenye bonde la mibuyu. Ruaha Mbuyuni panastahili jina lake: mibuyu imesimama kila upande, mingine minene kuliko nyumba yetu ya Muheza. Chini yake vitunguu, vimefungwa kwenye nyavu nyekundu na kutundikwa kando ya barabara kilomita nzima. Mama akanunua nyavu mbili bila kushusha bei, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisema vitunguu vya namna ile havigombaniwi. Joto lilikuwa kali, tukala wali na kuku na vioo vyote wazi.

Kisha Kitonga.

Nimesikia habari za Kitonga tangu utoto kwa madereva wa machungwa, na siku zote nilidhani wanatia chumvi. Barabara inapanda ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo na mto Lukosi huko chini. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza, moja nyuma ya jingine, na kutoka juu yanashuka mengine yamebeba shaba ya Zambia na Kongo, breki zinapumua kama watu. Tulikuwa nyuma ya treila la mafuta lililokuwa likitembea kama maiti inayopelekwa makaburini. Kulipita huwezi, kusimama hutaki. Mshale wa joto wa Noah ukaanza kupanda. Rehema aliuona kabla yangu. "Baba Salma." Nikasema nimeuona. "Baba Salma!" Mvuke ukatoka.

Nilisogea pembeni nilipopata upana wa kusogea. Sijui wale vijana walitokea wapi. Sijamaliza kuvuta breki ya mkono, mmoja ameshaweka jiwe nyuma ya tairi na mwingine amekuja na dumu la maji. Hiyo ndiyo kazi yao, na wanaifanya vizuri kuliko mafundi wengi niliolipa pesa nyingi. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Wakaufunga kwa ukanda wa tyubu, wakaniambia nisubiri saa nzima ndipo nitie maji, nikitia sasa hivi naua injini. Mama na watoto nikawaegemeza kwenye mwamba, mbali na malori, na saa ile nzima sikumtoa macho Idi.

Fuso lilikuwa limetupita, likatungoja juu. Tulipolifikia jua limeshainama, na upepo uliotupokea kule juu haukuwa upepo wa Mbuyuni. Tulikuwa tumeacha joto chini ya mlima, kama mtu aliyevua viatu mlangoni. Mama alikuwa na baibui na kanga moja. Akaniambia taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akinipigia utotoni bila kuinua fimbo: "Mwanangu, makoti yako wapi?"

Wote wakanitazama. Hata utingo.

"Chini," nikasema.

"Chini wapi?"

Dereva akajifanya anakagua tairi.

Tulipita Ilula gizani. Nyanya zilikuwa bado barabarani, mabeseni kwa mabeseni, akina mama wanauza kwa tochi. Mbele kidogo Rehema akaomba nipunguze mwendo: Lugalo. Hapa ndipo Wahehe wa chifu Mkwawa walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Hakuna kilichoonekana zaidi ya giza, lakini alisoma kibao kwa taa za gari akatulia kama mtu aliyepita kwao.

Tumelala gesti ya Ipogolo, chini ya mji. Blanketi moja moja. Salma kajifunika na taulo juu yake, na juu ya taulo zulia la gari. Mama amevaa kanga tano. Ninaandika haya nikiwa na soksi mikononi.

Jumatatu: Iringa

Fundi wa Ipogolo aliutazama ule ukanda wa tyubu akasema vijana wa Kitonga wanamletea kazi kila wiki. Mpira mpya na kusafisha rejeta: gari litakuwa tayari kesho. Dereva akasema hana haraka, ana mtu wa kumwona mjini. Kwa hiyo tuna siku nzima bure.

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, wewe uko chini unauangalia kama mtu anayetazama ghorofani. Tulipanda kwa bajaji mbili. Kwanza mitumba. Kijana muuzaji alimwinamia mama kwa heshima zote akasema, "Kamwene."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama.

Kijana akatabasamu, asimsahihishe. Baadaye Rehema akamweleza kuwa ile ni salamu ya Kihehe, na unajibu kwa neno lilelile. Mama akasema salamu ni salamu, na mtoto kaamkia vizuri. Lakini nilimsikia akilirudia polepole, kamwene, kamwene, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Akachagua koti la kijani la kiume lenye kofia, linalomfika kwenye vifundo vya miguu. Elfu nane, akalishusha mpaka elfu tano. Kumbe Mbuyuni alikuwa anakusanya nguvu. Idi akapata sweta lenye picha ya mtu mnene mweupe mwenye pua ya karoti. Akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mtu wa theluji. Akauliza kwa nini hana miguu. Sina jibu. Mimi nilitaka kujikausha nisinunue, makoti si tunayo, lakini Rehema alinikata jicho, nikanunua. Watu watano, masweta matano mapya, juu ya sanduku zima lililojaa masweta.

Mchana tukaenda Kalenga kwa daladala. Hapa palikuwa na ngome ya Mkwawa, na sasa pana makumbusho madogo yenye fuvu lake. Mama alipoambiwa kuna fuvu alikaa nje kwenye kivuli. "Mtu mzima anazikwa," akasema, na hakuna aliyejaribu kumshawishi.

Ndani Rehema alieleza kama yuko darasani, na nakiri kuwa katika miaka kumi na tatu ya ndoa sijawahi kukaa kwenye kipindi chake. Mkwawa alipigana na Wajerumani miaka saba. Ngome hii waliivunja kwa mizinga mwaka 1894, yeye akaponyoka, akaendelea kuwasumbua porini mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi mwenyewe wasije wakamshika. Wakamkata kichwa, wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulitaja fuvu hilo kwa jina lake, kwamba lirudishwe. Likarudi 1954. Ndilo hilo kwenye kioo. Ni dogo. Nilikuwa nimetegemea kichwa kikubwa, sijui kwa nini. Nikajikuta nakagua maungio ya lile kabati badala ya kumtazama mwenyewe machoni.

Tulipotoka Rehema akamkalia mama pembeni. "Mama, unamjua Nyundo wa Pangani?"

Mama akasema Pangani kuna nyundo nyingi.

"Mjerumani. Mwaka 1888 kampuni yao ilimweka Pangani, akawafanyia watu ujeuri mpaka wakaasi, vikaanza vita vya Abushiri. Jina lake Zelewski, watu wakamwita Nyundo. Sasa miaka mitatu baadaye nani aliongoza kile kikosi kilichokwisha pale Lugalo tulipopita jana usiku? Huyo huyo."

Mama alinyamaza akilivuta koti lake. "Kwa hiyo hawa watu walitulipia."

"Na mmoja wa maofisa walioivunja ngome hii," Rehema akaendelea, maana akianza haachi, "ni Tom von Prince. Alikuja kuuawa kwenye vita vya Tanga, Novemba 1914."

"Basi na sisi tukawalipia!" akasema Salma.

"Waliomuua walikuwa jeshi la Waingereza lililotoka India."

"Lakini kwetu," Salma akasisitiza.

Mama akainuka, akaingia ndani bila kusema neno. Alikaa humo dakika mbili tatu. Alipotoka alikuwa amejitanda kofia ya koti juu ya ushungi, na midomo yake inasoma. Sikumuuliza alikuwa akimsomea nini Mkwawa.

Jumanne: Iringa hadi Makambako

Gari zima. Tumeondoka saa tatu, ukungu ukiwa bado umelala bondeni.

Baada ya Ifunda miti inaanza, na hapo ndipo safari ikawa yangu. Kwa miaka kumi na minane nimenunua paina Muheza, mbili kwa nne, moja kwa nane, moja kwa kumi, na kila muuzaji ananiambia neno moja: "Hii ya Mafinga." Mafinga ilikuwa kwangu kama Makka ya mbao, mahali pa kutajwa tu. Leo nimeliona shamba la Sao Hill. Serikali haina shamba la miti kubwa kuliko hili nchini, na ukiwa barabarani huhitaji kuambiwa. Misindano mistari kwa mistari, imenyooka kama imepimwa kwa kamba, halafu milingoti, halafu misindano tena, halafu kilima kilichokatwa upara na pembeni yake miche ya mwaka huu. Malori ya magogo. Malori ya nguzo za umeme. Nilikuwa naendesha huku nimetoa kichwa dirishani, na mama nyuma anaomba nifunge kioo kabla hajafa.

Mafinga nilisimama bila kuuliza mtu. Harufu ya utomvu ilinipokea kabla sijashuka. Kuna mashine ndogo za kupasulia wanazoziita dingdong, zinalia kila upande, na vumbi la mbao limerundikwa kama vichuguu. Mabanzi, yale ya kwanza yenye gome, yanauzwa kwa mafungu ya kuni. Muheza ningeyajengea banda la kuku. Nikauliza bei ya mbili kwa nne ya futi 12. Nilipotajiwa nikauliza tena, nikidhani nimesikia vibaya. Ni nusu ya ninayonunulia kwetu.

Lakini niliigusa. Ilikuwa mbichi, bado ina maji. Mbao ya namna hiyo ukiipigilia leo, mwezi ujao mlango umejikunja kama chapati na mteja yuko uani anakutukana. Kwetu wanapenda kuisema paina kuwa ni mbao ya maskini. Mimi nasema paina haina kosa, kosa ni la fundi asiyengoja. Ipange kwa vijiti kivulini, ipitishe hewa, ipe miezi yake, utapata kabati litakalomzika mwenye nyumba. Nilimweleza hayo kijana wa dingdong kwa robo saa. Alikuwa msikivu, au hakunisikia kwa kelele za mashine.

Dereva alikuwa ameegemea Fuso anakula muhindi wa kuchoma. Wakati wa kupakia, yule wa kijiweni alirudia mzaha wake wa kuolewa mbele yake, na kumbe aliusikia. "Fundi," akasema, "wale wenzako wa Muheza waambie hukumfuata mke. Umefuata mbao."

Rehema akasema, "Hapana. Kanifuata mimi. Mbao kazikuta njiani." Akanipokonya ile mbili kwa nne niliyokuwa bado nimeishika.

Makambako tumefika saa kumi. Hapa barabara ya Njombe na Songea inachepuka, reli ya TAZARA inapita, na upepo hauna adabu; unakuja toka kila upande kwa wakati mmoja. Gesti hatukulala. Dereva alisema haiwezekani mzigo wa watu ulale gesti naye ana nyumba. Mkewe alitupokea kama waliokuwa wakitarajiwa, akatuingiza jikoni, jiko la kuni la nje ya nyumba kubwa, moto umewaka katikati. Viazi, maharage, mboga ya majani, ugali wa moto kiasi kwamba Idi aliushika kwa sweta.

Mama yake dereva alikuwa pale, kajifunga mgolole, karibu umri mmoja na mama yangu. Mama akavuta pumzi, akasema, "Kamwene." Bibi wa watu akafurahi, akamwaga Kibena kama maji ya bomba. Mama hakuambulia hata neno moja. Akaitika kwa kichwa, kila baada ya muda, mpaka wote wawili wakasinzia.

Dereva aliniita nje. Akasema yeye na utingo wako tayari kushusha, wachukue lile sanduku, wapakie upya. Nilipiga hesabu: machungwa, friji, vitanda, benchi, kabati. Saa mbili za kushusha, mbili za kurudisha, kwenye upepo huu. Nikamwambia mzigo niliopanga mimi haufunguliwi njiani. Akacheka sana, kicheko cha mtu aliyekuwa akikisubiri tangu Ijumaa.

Usiku treni ilipita. Rehema alikuwa macho, akanong'ona kuwa Wachina waliijenga kuanzia 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Nikamwambia alale. Akasema hawezi, miguu yake ni barafu. Nikanyamaza, maana mazungumzo yale yalikuwa na mwisho ninaoujua.

Jumatano: Makambako hadi Tukuyu

Dereva ameamua kutupeleka mpaka mwisho ndipo arudi kwake. Tumetoka saa kumi na mbili.

Kutoka Makambako barabara inashuka, na kila ukishuka unavua kitu. Igawa nilivua sweta. Tulipoingia bonde la Usangu mama alifungua kioo mwenyewe, akavua koti, akalikunja akalikalia. Mpunga umevunwa, maturubai yametandazwa mbele za nyumba, mpunga unakauka juani na kuku wanafukuzwa na watoto. Chimala tukanywa chai. Mama alikaa juani, akafumba macho.

"Shule ya Mama Salma haiwezi kuwa hapa?"

Rehema akamwambia hapana, mama.

"Hapa panaishi watu," akasema, na kwa nusu saa iliyofuata alikuwa na huzuni ya kweli.

Kushoto kwetu mlima ulisimama kama ukuta. Dereva akamwonyesha Idi njia inayopanda kwenda Matamba, huko juu kwenye uwanda wa Kitulo wenye hifadhi ya maua. Wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Idi akataka tuipande azihesabu. Nilivyoifikiria rejeta yangu, nikamnunulia karanga. Igurusi tulinunua debe mbili za mchele, na mwenye duka aliapa kuwa mchele wa Kyela unasifiwa bure. Kesho kutwa huenda wa Kyela wakaniapia kinyume chake.

Kisha kupanda tena. Inyala, malori tena, mimi macho kwenye mshale. Uyole saa nane mchana: mbele ni Mbeya mjini na Tunduma, kushoto ni Tukuyu. Tukakata kushoto. Kilomita 60 hivi zilizobaki nilidhani ni za kumalizia tu. Sivyo. Barabara inapanda kwenye mashamba ya viazi mpaka Isongole, na huko mawingu hayako angani, yako barabarani. Niliwasha taa saa tisa mchana. Magunia ya viazi yamepangwa kando, ya lumbesa, yameshonewa kofia juu kama mtu aliyebeba mtoto mabegani. Mama alivaa koti, akarudishia kanga zote tano, akanikabidhi macho bila maneno.

Baada ya hapo unashuka na rangi inabadilika. Kiwira ni migomba mitupu, nyumba zimo ndani ya migomba, watu wanatokea humo ghafla na miavuli. Kisha chai ya Katumba, kijani kilichochongwa usawa mmoja kama kimepigwa randa. Mvua ilikuwa inanyesha, si kubwa, ila ya mtu asiye na mpango wa kuondoka. Nilimuuliza muuza duka kama huu ni msimu wa mvua. Akasema hapana, hii ni Juni, kiangazi.

Nyumba ya kupanga ni ya vyumba vitatu, bati jipya, ua wenye mparachichi. Hakuna mnazi. Tulipofungua bodi ya nyuma kilichoshuka cha kwanza ni mbuzi ya nazi. Mama akaiweka barazani na kuifungua miguu, akaingia ndani kukagua jiko.

Jirani alikuja kabla hatujashusha gunia la kwanza, mama wa makamo mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Mama yangu akatoka, akasimama wima ndani ya koti lake la kijani, na kwa ufasaha wa mtu wa siku tatu akasema:

"Kamwene!"

Jirani alicheka mpaka akautua mkungu. "Hiyo umeipita njiani, bibi! Huku ni Wanyakyusa." Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye mbuzi. Akainuka upesi, akayapapasa yale meno ya chuma mbele yake. "Hiki kigoda kina nini?"

"Cha kukunia nazi," akasema mama.

"Nazi mmekuja nazo?"

Kimya. Nikasikia mvua kwenye bati. Mama akaingia kwenye magunia, akarudi na machungwa kumi ya Muheza kwenye upande wa kanga. Jirani akasema, "Ndaga fijo," akatuambia maana yake ni asante sana, na akatutahadharisha kuwa baridi yenyewe bado. Inakuja Julai.

Kushusha kulikwenda mpaka usiku. Feni zikaingia, utingo akaniuliza aziweke wapi, nikamwambia popote. Kabati, benchi. Mwishowe, saa nne na nusu, watu wanne tukalitoa sanduku la babu, kavu, salama, halina hata mkwaruzo, tukalitua katikati ya sebule. Nilitoka kumlipa dereva na kummiminia chai. Akanipa mkono, akasema mzigo ulipangwa vizuri kweli, haukucheza hata Kitonga. Nadhani alimaanisha.

Niliporudi ndani Idi alikuwa amelala juu ya sanduku, kifudifudi, mikono na miguu imening'inia huku na huku, mtu wa theluji amebanwa kwenye mfuniko. Rehema alikuwa amesimama na ufunguo. Nikainama nimbebe.

"Mwache mtoto," akasema mama kutoka gizani. "Kachoka. Mkimgusa haamki vizuri."

Rehema akanitazama. Nikachukua turubai la Fuso nililobakishiwa na dereva, tukajifunika nalo.